Jiwe Lenye Chokaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vitu vitatu: utepe wa kupimia, ndoo ndogo ya chokaa, na brashi iliyokuwa imeota upara. Mimi nilikuwa nimevaa tai. Cheti changu cha shule kilikuwa kwenye bahasha ya kaki chini ya kwapa, na nilidhani kazi ya ofisi ni kukaa kitini na kupigiwa hodi. Katibu wa Mfuko wa misaada ulioniajiri, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mji mzima wa Kitui ulimwita Mwalimu tu, aliitazama ile tai kwa muda, halafu akasema, "Kijana, hiyo utafungia ndoo kwenye baiskeli."

Na kweli nilifungia. Barabara za huko hazikuwa na huruma na ndoo.

Nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi hii sasa, mnaoifanya mkiwa mmeketi. Sisemi kwa ubaya. Lakini nikiona mtu anaamua habari ya kijiji ambacho hajawahi kukanyaga vumbi lake, damu inanichemka, na mke wangu husema niache kusoma magazeti. Basi ngoja niwaeleze tulivyofanya sisi, pamoja na lile nililolikosea, maana sitaki mtu aje kuniimbia sifa kaburini bila kujua.

Mfuko ulianzishwa na wenyeji wenyewe miaka ya sitini. Walikuwa wenye maduka, walimu, wazee wa kanisa, na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe aliyetoka kaskazini, Mwislamu pekee kwenye kamati, ambaye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu kufika kwa wakati. Kila mmoja alitoa alichoweza, na kilichokusanywa kilirudi kwa wananchi kama ruzuku, yaani msaada usiorudishwa, kwa kazi moja inayojulikana: paa la zahanati, madawati ya shule, ukuta wa bwawa. Hatukumpa mtu mmoja. Tulikipa kikundi.

Ombi lilipitia hatua zake. Kwanza kikundi kiliandika barua. Pili mkaguzi, ndiye mimi, alikwenda kutazama mahali na kuongea na mwenye shamba. Tatu, na hapa ndipo palipokuwa na kazi, wenyeji walitakiwa kutoa sehemu yao. Sehemu ya wenyeji haikuwa fedha. Ilikuwa mawe, mchanga na maji, vimekusanywa mahali pa ujenzi kabla Mfuko haujanunua hata mfuko mmoja wa simiti. Mkaguzi alipima rundo la mawe kwa utepe, urefu, upana na kimo, akaandika ripoti, ndipo kamati ikaketi.

Chokaa ilikuwa ya nini? Mwalimu alinieleza siku hiyo hiyo ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni. Kabla sijaajiriwa, kikundi kimoja kilimwonyesha mkaguzi mawe ya kontrakta wa barabara. Mkaguzi akapima, akaridhika, akaenda zake, na kontrakta akaja na lori lake akayabeba. Tangu hapo kila rundo lililopimwa lilipakwa chokaa jiwe moja, alama ya mviringo upana wa kiganja, ili lisionyeshwe mara mbili.

"Rundo moja, kijiji kimoja, jiwe moja lenye chokaa," alisema Mwalimu. "Ukiona alama yako mahali ambapo hukuiweka, ujue kuna mchezo."

Niliyashika maneno hayo kama amri za kanisani. Nilizunguka na ndoo yangu Kitui yote kwa baiskeli, na baadaye kwa pikipiki. Nilipelekwa Mbooni, ambako pikipiki ilipanda vilima ikilia na mara nyingi niliisukuma mimi badala ya yenyewe kunibeba. Huko mawe yalikuwa mengi na watu wabishi. Nilikaa Matiliku miaka kadhaa, nikakagua vyumba vya madarasa na choo cha soko ambacho kilileta ugomvi mkubwa kuliko wa kanisa lililogawanyika. Watu waliniita Bwana Chokaa. Nilifurahia jina hilo. Nilikuwa mkali, na nilijulikana kwa ukali, na kichwa kilianza kuvimba.

Ndipo nikafanywa mkaguzi mkuu wa upande wa Makueni, nikakaa karibu na Kathonzweni. Ni nchi kavu. Mito yake ina maji siku chache tu za mvua, kisha inabaki njia ya mchanga mweupe. Akina mama huchimba mashimo mchangani kutafuta maji, na kiangazi kinavyozidi ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini, hadi mtu anasimama ndani na kupitisha maji juu kwa kibuyu au kopo.

Dawa ya mambo hayo ni bwawa la mchanga. Unajenga ukuta wa mawe na simiti kukata mto. Mvua ikija, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Kiangazi kikija mtu anachimba kimo cha goti tu, anapata maji. Hakuna kazi niliyoipenda kama hiyo.

Barua ya ombi la bwawa ilitoka kwa kikundi cha akina mama wa vijiji viwili, Kalimani na Ithaani, vilivyotenganishwa na mlima mmoja mrefu. Walikuwa mwethya mmoja, yaani kikundi cha kazi za zamu: leo wote wanalima kwako, kesho wote wanalima kwangu, na hakuna anayeuliza jembe hili ni la nani. Kiongozi wao alikuwa Kalondu, mjane wa makamo, mtu wa maneno machache, ambaye hata wazee wanaume walimwita mwaitu, mama yetu. Barua iliandikwa na Ndinda wa Ithaani, mama kijana aliyekuwa amemaliza darasa la saba, mwenye mwandiko wa kulala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Nilienda, nikawaambia barua yao haifai. "Ombi moja kwa kijiji kimoja," nilisema. "Mjigawe."

Kalondu aliuliza, "Tujigawe vipi, na sisi ni mwethya mmoja?"

"Kwenye karatasi tu, mwaitu. Kalimani walete barua yao, Ithaani yao. Kila mmoja na rundo lake."

Wakajigawa kwenye karatasi. Ndinda aliandika barua zote mbili.

Kalimani walitangulia kukamilisha. Kule mawe ni mengi, unachagua tu. Nilipima rundo lao, likatimia, nikapaka jiwe moja alama yangu juu kabisa. Akina mama walisimama kunitazama nikipaka, kimya, kama watu walio kwenye ubatizo. Niliona ajabu kidogo lakini sikuuliza. Nikaenda zangu.

Majuma machache baadaye nikaitwa Ithaani. Ithaani ni udongo mwekundu na mchanga, jiwe la ukubwa wa kichwa ni kitu cha kutafuta. Nilipofika nilikuta rundo limepanda hadi kifuani mwangu, na juu kabisa, mahali pa kuonekana na kila mtu, liko jiwe lenye alama ya chokaa. Alama yangu, ya mviringo wa kiganja. Upande mmoja ilikuwa imefutika.

Nilisimama pale nimejaa hasira, na niseme ukweli, hasira hiyo ilikuwa na raha ndani yake. Nilikuwa nimewashika. Miaka yote ile ya kupaka chokaa nilikuwa sijawahi kumnasa mtu hata mmoja.

Ndinda alikuja mbele akitabasamu, mikono ameishika pamoja. "Bwana Chokaa," alianza, "lile jiwe la juu, nilitaka kusema..."

"Nimeliona," nikamkatiza.

"Ni kwamba njiani..."

"Nimesema nimeliona, dada. Sina haja ya hadithi."

Akanyamaza. Kalondu alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama tu. Sikufungua utepe. Niliwasha pikipiki, nikapitia Kalimani, nikakuta rundo la kule limepungua karibu nusu. Basi, nikasema, mambo yako wazi.

Ripoti yangu niliiandika siku hiyo hiyo, na maneno yake nayakumbuka kuliko maneno ya ndoa yangu. Niliandika kwamba vikundi viwili vimetumia rundo moja ili kupata ruzuku mbili. Niliandika kwamba alama ya Mfuko ilikutwa Ithaani, na kwamba walijaribu kuifuta wakashindwa kuimaliza. Nikapendekeza wote wafutwe. Kanuni ilikuwa kwamba kikundi kilichodanganya hakirudi mbele ya kamati hadi ipite miaka miwili. Kamati ikakubali. Mfanyabiashara wa ng'ombe peke yake ndiye aliyeuliza, "Wao wenyewe wamesemaje?" Nikajibu kwamba jiwe limesema.

Mvua za mwisho wa mwaka zikaja, mto wa Ithaani ukajaa siku zile chache, maji yakapita yakaenda zake. Hapakuwa na ukuta wa kuyazuia.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu. Mashimo ya mchangani yakaenda chini, yakaenda chini zaidi. Asubuhi moja Ndinda aliingia kwenye shimo, kwa sababu ilikuwa zamu yake kuchota, na kingo zikamwangukia. Mchanga ni mzito. Walichimba kwa mikono, kwa makarai, kwa vibuyu. Walipomfikia alikuwa ameshakufa. Aliacha watoto watatu, wa mwisho bado alikuwa akinyonya.

Habari ilinifikia sokoni Kathonzweni. Muuza duka alinisimulia akiwa ananipimia sukari, bila kujua anamwambia nani. Nililipa, nikasahau sukari pale kwenye kaunta.

Mwalimu aliniita Kitui. Alikuwa amezeeka, macho yake yanatoa machozi kwa vumbi, na ripoti yangu ilikuwa mbele yake mezani.

"Uliwauliza?" alisema.

"Nani, Mwalimu?"

"Akina mama."

"Jiwe lilikuwa langu, Mwalimu. Nililipaka mwenyewe."

"Sikuulizi habari za jiwe." Aliisukuma ripoti kuelekea kwangu. "Kanuni nilikupa mimi, na lawama yake sehemu ni yangu, nitaibeba. Lakini mdomo ulipewa na Mungu. Nenda ukaulize."

Nilimwambia naogopa. Sikuwa nimewahi kumwambia mkubwa wangu hivyo. Yeye akasema, "Ni sawa. Nenda na woga wako."

Nilienda bila ndoo. Kalondu alinipokea nyumbani kwake Kalimani, akanipa kiti, akanipa uji, kwa sababu mgeni ni mgeni. Nikamuuliza kwa nini jiwe la Kalimani lilikuwa Ithaani.

Alinishangaa. "Hukujua?"

"Sikujua, mwaitu."

"Daktari wa mifugo akija kuchanja ng'ombe," alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto, "aliyechanjwa anapakwa rangi. Hiyo ni kusema huyu amepita. Wewe ulikuja ukapaka jiwe letu. Tukasema Kalimani imepita. Lakini Ithaani ndio wenye shida kubwa ya maji, na mawe hawana. Tukaketi, tukaamua kuwapa zamu yetu. Tukawapa mawe, na tukawapa lile jiwe lililopita, ili wakitazamwa wapite nao. Sisi mawe tunayo, tungekusanya mengine na kungoja zamu ya pili." Kisha akauliza, "Mtu anayeiba, Bwana Chokaa, anaweka alichoiba juu kabisa mkione wote?"

Ndoo ile niliibeba miaka yote nikijua alama ile ina maana gani, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote maana yake. Hiyo ilikuwa siri ya Mfuko. Na mwethya ule niliugawa mimi kwenye karatasi, kisha nikawahukumu kwa kuwa hawakugawanyika mioyoni.

"Siku ile ulikuwa umesimama pale," nikamwambia. "Mbona hukusema?"

"Ndinda alikuwa anasema. Ulimnyamazisha."

Nililia pale kwake, mtu mzima, uji mkononi. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Aliendelea kukaa tu.

Nilirudi Kitui nikamwomba Mwalimu anipe ripoti ile niichane. Alikataa. "Ripoti haichanwi. Andika nyingine, uiweke juu yake, na chini yake hiyo ya kwanza ibaki na sahihi yako." Nikaandika. Nilisimama mbele ya kamati nikaisoma mwenyewe kwa sauti. Wajumbe wawili walitaka nifukuzwe, na hawakukosea. Mwalimu akaniombea nibaki, kwa sharti kwamba ukuta wa Ithaani ukijengwa niwepo tangu jiwe la kwanza hadi la mwisho, na nisishike utepe.

Ulijengwa. Fundi aliagiza mawe, akina mama wa vijiji vyote viwili wakayavusha mlima kwa mgongo, kamba kwenye paji la uso, nami nikabeba pamoja nao. Njia ile ina jua na miiba. Mzigo wangu wa kwanza niliuangusha mara tatu. Hakuna aliyenicheka. Heri wangenicheka. Msimu uliofuata mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na baada ya Ithaani ikafika zamu ya Kalimani, kama walivyopanga wenyewe tangu mwanzo.

Mwalimu alipoacha ukatibu, niliushika mimi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutupa ndoo ya chokaa. Wajumbe wapya wa kamati walilalamika kwamba tutadanganywa, na mara mbili tatu tulidanganywa kweli, nikalaumiwa. Niliwafundisha wakaguzi vijana hivi: ukikuta kitu usichokielewa, funga daftari, keti chini, uliza, kisha ngoja hadi mtu amalize kusema. Wengine waliona ni mambo ya mzee aliyechoka. Ofisi ilijaa fomu, na kwenye fomu hakuna mahali pa kungoja.

Lakini sasa nimestaafu, na sina cha kuficha. Mimi niliyewafundisha watu wote hao kuuliza, kulikuwa na swali moja ambalo sikuwahi kuliuliza. Alama ile ilikuwa imefutika upande mmoja. Maelezo ya Kalondu yalikuwa yamebomoa ripoti yangu yote isipokuwa hapo tu. Nilipashikilia. Nyakati ambazo Ndinda alinirudia moyoni, nilijiambia kwamba labda mmoja wao alikuwa na nia mbaya kidogo, labda mmoja alijaribu kuifuta, na kwa hiyo sikuwa mkosaji kamili. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyoishi miaka mingi.

Mwaka niliostaafu nilikwenda kumuaga Kalondu. Alikuwa amehamia Ithaani kwa mwanawe, macho yamefifia, anapukuchua mbaazi kwenye karai kwa kupapasa. Watoto wa Ndinda walikuwa wameshakuwa watu wazima. Yule aliyekuwa akinyonya ndiye aliyenionyesha njia, na alinisalimia kwa heshima bila kujua mimi ni nani. Mimi na Kalondu tuliongea habari za mvua na za watu waliotangulia. Kisha nikamuuliza.

"Mwaitu, siku ile Ndinda alianza kuniambia habari za lile jiwe. Alisema, njiani. Alitaka kusema nini?"

Mikono yake ilisimama. "Hukuwahi kuuliza."

"Nauliza sasa."

"Jiwe lile alilivusha yeye," alisema Kalondu. "Alikataa kusaidiwa, akasema aliyeandika barua ndiye abebe. Lilikuwa zito na jua lilikuwa kali. Alipolitua akaona jasho la mgongo wake limeondoa chokaa upande mmoja. Alihuzunika sana. Sisi tukamwambia haidhuru, lakini hakulala vizuri hadi ulipokuja. Alitaka kukuomba radhi kwa kuiharibu alama yako, na kukuomba kama unayo chokaa kidogo, uipake tena."

Ndoo ilikuwa kwenye pikipiki siku ile, hatua kumi kutoka aliposimama.